Nyumba ya Tano kwenye Mfereji

Voi, Jumapili alasiri

Mwanangu Mghoi,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: uko nyumba ya tatu kutoka hapa, umekaa kwenye kigoda, shingo imeinama, Mama Kevo anakusuka nywele, matuta ya shule, na wewe unavumilia kimya kama kawaida yako. Alisema kazi ni ya saa mbili, na kwa jinsi anavyopenda hadithi zitakuwa tatu. Kwa hiyo nina saa tatu za kukuandikia jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mwaka mzima.

Sitaandika habari za soksi, wala sabuni, wala nani wa kukaa naye na nani wa kumkwepa. Sanduku limejaa, orodha ya shule nimeipitia mara tatu, na hayo mengine ifikapo Ijumaa utayajua kuliko mimi.

Nataka kuandika kuhusu fomu. Ile ya kuchagua masomo ya Gredi ya Kumi. Ulipoijaza kwenye meza hii, niliiona kalamu yako ikifika kwenye somo la kompyuta, ikasimama, kisha ikapita. Nikakuuliza kwa nini. Ukajibu bila kuinua kichwa, "Mimi na kompyuta hapana, Mama. Mimi huharibu." Ukaendelea kujaza, kama mtu aliyetaja tu urefu wake.

Nilienda jikoni, nikafungua bomba la maji, nikalifunga. Neno lile nililiweka mimi kinywani mwako ulipokuwa na miaka kumi na moja. Na siku ulipolitamka, nilikuwa nimeshajua kwa miezi mingi kwamba si kweli.

Niruhusu nianze mbali kidogo. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane, miezi michache baada ya mtihani wa Kidato cha Nne. Hilo unalijua. Usilolijua ni jinsi lilivyonigeuza kuwa mtu asiyevumilia kuonekana amekosea. Kule kwetu juu, kupita Wundanyi, watu hawakunitukana. Walinihurumia, na huruma yao iliniwasha mwilini kama upupu. Nilikuacha mgongoni mwa bibi yako nikaenda chuo, nikasoma hesabu kama mtu anayekimbizwa, nikarudi na cheti, nikapata kazi ya kufundisha hapa Voi. Na bado, kila nilipopanda nyumbani, nilikuwa nikizikagua nyuso: hawa wananihurumia hata sasa?

Ndipo kamati ya mfereji ikaniita.

Mfereji ule umechezea ndani yake tangu ulipojua kutembea, lakini acha niueleze jinsi ninavyouona leo. Maji yanatoka kwenye chemchemi chini ya msitu, yanashuka kwa njia iliyochimbwa kwa majembe na watu ambao hatuyajui majina yao, yanapita kwenye mashamba ya nyumba kumi na nne. Kila nyumba ina siku yake. Zikiisha siku kumi na nne, mzunguko umekwisha, unaanza mwingine. Kuna jambo moja tu linaloruhusiwa kuvuruga mpango huo: nyumba iliyofiwa hupewa maji kwanza, kwa ajili ya wageni na sufuria za matanga, na wengine wanasogea nyuma siku moja bila kunung'unika. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Katibu, Mzee Mwakio, alikuwa akiihesabu kwa vidole na daftari, na jioni ya kuamkia siku ya mtu alimpitia nyumbani kumwambia, "Kesho ni wewe." Mpaka macho yakamchosha.

"Wewe ni mtoto wetu uliyesoma," aliniambia mbele ya kamati. "Tutilie haya mambo kwenye kompyuta."

Mghoi, nilisikia masikio yakipata moto. Ile haikuwa huruma.

Nilijifunza lugha moja ya kompyuta, ile ambayo kila anayeanza huelekezwa kwayo, na kwa wiki mbili nikaandika programu. Kila mzunguko ulipokaribia nilikuwa nikiiendesha, inapanga siku, namtumia katibu orodha kwa simu. Watu walianza kunisimamisha njiani. Mzee mmoja alinivulia kofia. Naona aibu kukuandikia jinsi nilivyokuwa nikiikumbuka kofia ile darasani, katikati ya somo.

Kisha ikaja likizo ya Agosti, sisi wote tukiwa kwa bibi yako. Nyumba ya nne kwenye mfereji ilifiwa. Niliandika msiba ule kwenye programu, orodha ikatoka, nikamtumia katibu. Nyumba ya tano ni ya Mama Saru, yule mjane wa kabichi. Kwenye orodha ile nyumba ya tano haikuwemo. Mimi sikuona. Katibu hakuona. Na Mama Saru mwenyewe alisubiri, kwa sababu alidhani amesogezwa kwa ajili ya matanga, na kwetu mtu halalamikii msiba wa jirani. Alisubiri siku moja, akasubiri tano, akasubiri kumi. Mzunguko ukaisha. Alipokwenda kwa katibu akiwa ameshika jani la kabichi lililokauka likawa kama gazeti kuukuu, shamba lake lilikuwa limekaa karibu mwezi mzima bila tone.

Kamati iliketi uani kwa bibi yako. Nilifungua kompyuta mbele yao, na macho yangu yakagonga mstari wa mwisho kabisa wa orodha, chini ya nyumba ya kumi na nne. Palikuwa pameandikwa: Nyumba ya Mghoi na paka.

"Mtoto alichezea," nikasema.

Nilisema haraka, Mghoi, na siku ile niliamini. Sikuuliza ni vipi jina lililoongezwa mwisho lingeweza kumfuta mtu wa tano. Mwalimu wa hesabu mzima, sikuuliza. Nilichoona ni mlango umefunguka, nikatoka. Na uani kote watu walishusha pumzi. Mzee Mwakio alicheka, akasema watoto wa siku hizi wanazaliwa kidole kiko kwenye skrini. Ukaitwa kutoka jikoni, mikono ina unga. Nikakuuliza mbele ya watu wazima wote wale kama uligusa kompyuta yangu. Ukasema ndiyo.

"Lakini sikutoa mtu, Mama. Niliongeza tu."

Nikakuambia usinijibu. Nikakushika mkono mpaka kwa Mama Saru, ukasimama mbele ya yale matuta ya kabichi zilizolala, ukaomba msamaha kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, wala sijaisikia tena. Tangu siku hiyo hukuigusa kompyuta yangu. Nilidhani umepata adabu.

Sasa nikuambie habari za Rukia, kwa maana bila yeye ningekuwa bado nadhani hivyo.

Unamfahamu kwa sura: yule mama anayekaa nyuma ya duka la vipuri la mumewe, huku mjini. Usichokijua ni kwamba kwenye meza ya jikoni mwake, kati ya chungu cha maharagwe na kapu la vitunguu, anaandika programu za watu walio nchi za mbali. Alikuja shuleni kuandikisha mtoto, tukazungumza, nikajisifu kwamba mimi pia huandika kidogo. Akaniuliza lugha gani. Nilipomtajia akatabasamu kwa upole fulani ulionichoma.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Nitakufunza lugha itakayokutia adabu."

Ndiko nilikokuwa nikienda Jumamosi zile zote mwaka jana, ulipokuwa ukiniuliza mbona narudi nanukia bizari.

Lugha yenyewe jina lake halitakusaidia kitu. Ni ya aina wanayoiita ya fankisheni, na fankisheni unaijua tangu darasani: ile mashine ya hesabu unayoiingizia tatu, inatoa saba. Ukiiingizia tatu kesho, itatoa saba. Ukiiingizia tatu mwaka kesho, ukiwa umechoka, umekasirika, umefiwa, itatoa saba. Programu nzima inajengwa kwa mashine hizo, moja inaipokeza nyingine, na hakuna nyingine yoyote pembeni yenye siri.

Siku ya kwanza niliandika kwamba idadi ya nyumba ni tano. Mstari wa chini nikaandika kwamba idadi sasa ni sita. Mashine ikakataa.

"Ushamwambia ni tano," Rukia alisema, mgongo amenipa, anageuza chapati. "Basi ni tano. Unataka sita, mtafutie jina lake mwenyewe."

"Nataka kuibadilisha."

"Hapa hubadilishi kitu, Mwalimu."

"Sasa lugha isiyobadilisha kitu inafanya kazi gani?"

"Inakupa kipya. Cha zamani kinabaki palepale, hakiguswi."

Nilikasirika. Nilikaa na hasira yangu nusu saa nzima, nikila chapati yake. Kisha kitu kikanishika taratibu. Miaka minane nimesimama mbele ya ubao nikiwaambia wanafunzi kwamba kama x ni tano juu ya ukurasa, ni tano mpaka chini ya ukurasa, na huo ndio uaminifu wa hesabu. Halafu nikikaa kwenye kompyuta nilikubali x awe tano hapa, sita pale, sifuri jioni, na sikuona ajabu. Niliitazama ile skrini na mistari yangu mitatu iliyokataliwa, nikahisi kama mtu aliyerudi usiku kwenye nyumba aliyoihama na kukuta taa zinawaka, na waliomo ndani hawajawahi kumsahau.

Sikuwa mwanafunzi mwema. Nataka ulijue hilo pia, maana wewe huniona nimesimama mbele ya darasa tu. Nilizoea kuelewa haraka. Hapa nilikuwa mtoto mchanga. Rukia alinipa kazi ndogo: hesabu nyumba zilizo kwenye mfereji. Kwa lugha yangu ya zamani ningeweka kihesabio, nikatembea nyumba hadi nyumba nikikiongeza. Lakini kihesabio kinabadilika, na hapa hakuna kubadilika. Nilikaa Jumamosi mbili. Ya tatu akaniandikia mistari miwili. Mstari wa kwanza: mfereji usio na nyumba, idadi yake ni sifuri. Wa pili: mfereji wenye nyumba, idadi yake ni moja, ukijumlisha na idadi ya nyumba zilizobaki.

"Na hizo zilizobaki nani anazihesabu?" nikamuuliza.

"Yeye huyohuyo."

"Lakini bado hajui kuhesabu. Ndiyo kwanza tunamfundisha."

"Akifika mwisho wa mfereji atajua. Pale hakuna kitu, na sifuri anaijua."

Nikabonyeza. Ikatoka kumi na nne.

Mghoi, nywele zilinisimama. Mistari miwili, hakuna mahali popote iliposemwa kumi na nne, hakuna mahali iliposemwa tembea. Kila nyumba iliuliza iliyo chini yake, na ile ikauliza iliyo chini yake, mpaka swali likafika pasipo na nyumba, likapata jibu dogo kuliko yote, na jibu hilo likaanza kupanda kurudi juu, likikua kwa moja kila mlangoni. Wiki ile nilipokwenda kwa bibi yako niliufuata mfereji kwa miguu kutoka juu mpaka unapoishia kwenye mawe, nikasimama pale pasipo na shamba la mtu, maji yanapotea ardhini. Bibi yako alinikuta akaniuliza nimepoteza nini. Sikuweza kumweleza. Nilikuwa nimesimama kwenye sifuri, na ilikuwa nzuri.

Jambo jingine lililonipumbaza ni jinsi lugha ile inavyokataa. Ile ya kwanza hutii. Unaiambia upuuzi, inaufanya, na unajua baadaye kwamba umeumiza mtu. Hii hukusimamisha mlangoni. Niliandika jinsi ya kumpata mtu wa kwanza kwenye orodha, ikakataa kuendesha chochote mpaka niseme nitafanya nini kama orodha haina mtu. Nikasema lakini siku zote ina mtu. Ikakataa. Siku moja nilihesabu, imenikatalia mara kumi na tisa, na Rukia akaja kunitazama begani.

"Huyu ni kama mama mkwe," akasema. "Akikugombeza mlangoni ujue kakuokoa jikoni."

Nilicheka mpaka machozi. Lakini nilianza kuipenda ile hali ya kukataliwa. Mimi, niliyejenga maisha yangu yote nisikataliwe. Mashine ile haikunihurumia wala haikunivulia kofia. Ilisema tu: hapa bado. Na nikirekebisha, inaendelea, wala haikumbuki.

Mwezi wa nne wa masomo yetu nikamwambia Rukia nataka kuiandika upya programu ya mfereji. Nikafika kwenye sheria ya msiba, ambayo haikuwa imetumika tena tangu Agosti ile. Kwa lugha ya zamani nilikuwa nimeagiza hivi: pita kwenye foleni ya nyumba, na ukikuta iliyofiwa, itoe kwenye foleni uiandike mwanzo wa orodha ya zamu. Kwa lugha mpya sikuweza kumtoa mtu kwenye foleni, kwa sababu foleni haiguswi. Ilinibidi niseme foleni mpya ni ipi: ni nyumba iliyofiwa, ikifuatwa na kila nyumba isiyokuwa hiyo, kwa utaratibu wao uleule. Nikaandika. Nikasoma nilichoandika, na nikiwa bado nasoma nikaifungua ile ya zamani pembeni yake.

Fikiria watu wamesimama kwenye foleni nawe unapita ukigawa zamu. Unafika kwa wa nne. Amefiwa, unamtoa kwenye foleni, unaandika jina lake juu kabisa ya karatasi ya zamu. Wa tano anapiga hatua kuziba nafasi, sasa yeye ndiye wa nne. Lakini wewe umeshakwenda kwenye nafasi ya tano, na unayemkuta pale ni wa sita. Wa tano umempita. Yuko mbele ya macho yako, amekaa vizuri kwenye nafasi yake, nawe umempita.

Nilitafuta orodha ya nyumba niliyoiingiza Agosti ile, pamoja na ule msiba. Nikaiingiza kwenye programu mpya: nyumba kumi na nne. Nikaiingiza kwenye ile ya zamani: kumi na tatu, na asiyekuwemo ni Mama Saru. Nikaweka mstari wako wa paka. Asiyekuwemo ni Mama Saru. Nikautoa. Asiyekuwemo ni Mama Saru. Nilirudia mara nyingi kuliko inavyopasa, kama mtu anayegonga mlango akijua waliomo hawatoki. Kitu kilekile kiliingia, kitu kilekile kikatoka. Ungeweza kuwa hujazaliwa, na kabichi zile zingekauka.

"Vipi, imekubali?" Rukia aliuliza.

"Imekubali," nikasema.

Hapo ndipo uongo wangu ulipoanza. Uani siku ile nilikosea kwa haraka na kwa woga. Hilo lina aibu yake. Lakini kuanzia Jumamosi ile kwa Rukia nilikuwa najua. Nilimpelekea Mzee Mwakio programu mpya na nikamwambia nimeiboresha. Ndilo neno nililotumia. Akanishukuru. Nikarudi Voi, ukanipokea mkoba, nikakutazama ukiuweka pale unapouweka siku zote, mbali na meza ya kompyuta, kwa uangalifu, kama mtu anayezunguka shimo. Nikasema kimoyomoyo: kesho. Kesho nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Kisha ikawa mwisho wa muhula. Kisha nikajiambia pengine umesahau, na nitakukumbusha maumivu bure. Mtu aliyesoma hujidanganya kwa sentensi nzuri zaidi kuliko wengine. Hilo ndilo nililolivuna chuoni kuliko hesabu.

Ndipo ukaijaza fomu.

Jana nilikuambia nakwenda kwa bibi yako kuchukua blanketi. Blanketi nimelichukua, umeliona. Lakini kwanza nilimwomba Mzee Mwakio awaite kamati, wakaketi uani palepale. Nikawaeleza. Nilipanga vijiti vya kuni chini, nikawaonyesha foleni, nikamtoa wa nne, nikawaonyesha nilivyompita wa tano. Walielewa mara moja, haraka kuliko mimi. Mzee Mwakio akasema, "Kwa hiyo siku zile zote ni wewe, Mwalimu." Hakusema kwa ubaya. Nikasema ni mimi. Kisha wakaanza kunifariji, eti kompyuta ni ngumu, na nilihisi ile huruma ya zamani ikinijia tena, nami nikagundua kwamba nimekaa ndani yake na sijafa.

Akafungua daftari la kamati. Mstari upo, kwa mwandiko wake: mtoto wa Mwalimu alichezea kompyuta. Akashika kalamu kuukata. Nikamwomba asiukate. Nikamwomba aandike chini yake, kwa tarehe ya jana, kwamba kosa lilikuwa la Mwalimu, na mtoto hakuhusika. Akaandika. Nilitaka mtu yeyote atakayelifungua daftari lile aone yote mawili: lililosemwa juu yako, na nani alilisema.

Kisha nikaenda kwa Mama Saru. Peke yangu safari hii.

Nilimkuta akipalilia. Nilimwamkia, nikasimama mwanzo wa tuta, nikamwambia yote bila kupamba. Hakuacha kupalilia. Nilipomaliza aliendelea mpaka mwisho wa tuta, akageuka, akarudi.

"Mimi nilijua si mtoto," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Aliniambia mwenyewe. Asubuhi ya pili yake alikuja na mtungi wa lita tano, ameubeba kichwani kutoka kwa mama yako. Akaniambia, Bibi, mimi sikufanya, lakini nimeleta maji."

Akaendelea. Alisema ulikuja kila asubuhi mpaka likizo ikaisha. Kabichi za katikati ya shamba, kama ishirini hivi, zilikuwa bado zina uhai moyoni, na ukazichagua hizo, mtungi mmoja mmoja, ukimimina shinani kwa kikombe. Alisema alikukataza, akakuuliza kwa nini unajitesa kwa jambo ambalo hukulifanya. Nawe ukamjibu, "Kwani kabichi zinajua ni nani?"

"Zile ishirini zilifunga," alisema Mama Saru. "Ndizo nilizokula mpaka mvua."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Miaka minne, Mama, kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama, jembe limesimama. "Ungenisikia, Mwalimu? Wewe ulikuwa na kompyuta."

Nimeshuka kutoka kule milimani na maneno hayo, na bado niko nayo. Nimejaribu tangu jana kufikiria nilikuwa wapi asubuhi zile. Nilikuwa chumbani, mita chache kutoka kwenye pipa ulilokuwa ukiteka, nikiitengeneza programu isiguswe na mtoto tena. Nilisikia mlango wa nyuma ukifunguka alfajiri na nikadhani ni bibi yako. Umri wa miaka kumi na moja, umeaibishwa mbele ya kijiji na mama yako mwenyewe, na badala ya kukaa chini na uchungu wako ulitazama shamba lililokauka ukaona kwamba haki yako na kiu ya kabichi ni mambo mawili tofauti, na moja haliwezi kungoja. Mimi nimesoma miaka yote hii, na jambo hilo sikulijua. Nilidhani nakulea. Kumbe kulikuwa na mtu mzima ndani ya nyumba, na alikuwa akiondoka kila alfajiri na mtungi kichwani.

Sikuombi ubadilishe fomu. Labda kweli hupendi kompyuta, na muziki au biashara au udongo ndivyo vitakavyokusimamisha nywele kama mimi nilivyosimama pale mwisho wa mfereji. Natamani tu upate kitu kama hicho, popote kitakapokuwa, kitu kikubwa kuliko kutaka kwako kuonekana unajua. Ninachokuomba ni kwamba uamuzi wako usisimame juu ya neno langu, kwa sababu neno langu lilikuwa la uongo. "Mimi huharibu" si jina lako. Hukuharibu kitu. Ulifika mahali mimi nilipoharibu, ukaokoa ishirini.

Wala sikuombi unisamehe kesho kwa sababu ya haraka ya safari, ili tuagane vizuri getini. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie muhula mzima. Nitakuja siku ya kutembelewa na chakula, tutakaa kwenye nyasi, hata usiponena nami.

Nilikusudia kuiweka barua hii katikati ya shuka zako, chini kabisa, uikute ukiwa umeshafika na mimi niko mbali. Nimeinuka mara mbili kwenda kwenye sanduku, mara mbili nimerudi na kukaa. Ingekuwa ni kutoka tena kwa mlango ule ule.

Namsikia Mama Kevo akicheka njiani, anakusindikiza. Ukiingia nitakwambia umependeza, maana najua umependeza. Kisha nitakupa karatasi hizi mkononi, uketi kwenye kiti hiki changu, na mimi nitaketi hapa mbele yako mpaka uzimalize, unitazame.

Mama yako